Hukubonyeza Kitufe, Skola

Kwa hiyo hapana, mwanangu. Hukubonyeza kitufe. Jana tukila uliniuliza tena, unacheka, kijiko kikiwa hewani, "Baba, hivi siku ile kwenye mashine nilibonyeza nini hasa?" Nami nikakohoa, nikaomba chumvi, na Kabula akanisogezea chumvi ambayo ilikuwa tayari mbele yangu. Ulidhani nazeeka. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza pamoja na ugali. Leo nalitoa hapa, kwenye karatasi, kwa sababu kesho alfajiri unapanda basi la Mpanda, na kwa sababu nimeiona orodha yako.

Uliiacha mezani, imebanwa na kopo la sukari. Sikuwa napekua. Nilikuwa natafuta sukari. Umeiandika kwa ule mwandiko wako ulionyooka: mota za hatua, draiva zake, pawa saplai, mikanda ya kuvuta daraja linalobeba kichwa, na mwishoni kabisa, kwa ajili ya kichwa chenyewe kinachopanda na kushuka na ruta na kisu chake, umeandika, "Skrubu ya gololi, kama ya Baba." Maneno mengine yote nimeyasoma mara moja. Hayo matatu ya mwisho nimeyasoma tangu jana. Kama ya Baba.

Unasema Jumatatu utamtumia muuza vipuri orodha hiyo, yeye akuwekee vitu kwenye basi, na ndani ya wiki mbili wewe na mwenzako wa chuo mtakuwa mmesimamisha mashine yenu ya CNC katika ile fremu ya duka mliyopanga. Nami nakuamini. Mtaisimamisha. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Sitakuandikia habari za kula, za kufunga milango, wala za misa ya Jumapili. Hayo shangazi yako Ledegunda ameshakumaliza nayo, na kama kuna lililobaki atakupigia simu ukiwa njiani. Mimi nina woga wa aina moja tu. Woga wangu una uzito wa ruta na bamba lake la chuma, unaning'inia juu ya meza, na chini yake kuna mkono wako.

Naandikia karakanani, juu ya benchi, maana ndani ya nyumba naona haya. Wewe umekwenda Kaengesa kuwaaga wanakwaya wenzako. Upepo wa kipupwe unapiga mabati, na ulezi wa jirani umeanikwa kwenye turubai uani kwetu, kuku wa Kabula wanauibia. Kila bodaboda ikipita nainua kichwa.

Nianzie mbali kidogo, nivumilie. Wakati unarudi kutoka chuo na ile video kwenye simu, ya mashine inayochonga ubao yenyewe, mimi nilikuwa na kidato cha nne na patasi. Ulisema, "Baba, hii tunaweza kuitengeneza hapahapa Pito." Nikasema labda. Kumbe ulikuwa umeshahesabu mpaka boliti. Na kosa langu la kwanza unalijua, tumelicheka mpaka limechakaa: nilichagua mota kama mtu anavyochagua maksai wa kulima, kwa kutazama mabega. Nilitaka kubwa kuliko zote dukani. Tukazifunga. Zikitambaa polepole zilikuwa na nguvu za ajabu, unaweza kuning'inia kwenye daraja nazo zinakuvuta. Ukizikimbiza, zinalegea. Na ule mlango wa kwanza wa mteja, ua lilianza vizuri, likafika katikati likahama upana wa kidole, likaendelea kuchongwa hukohuko lilikohamia, kwa utulivu kabisa, kama mlevi anayetembea wima akiwa amepotea njia.

Wewe ndiye uliyenieleza. Ulikaa chini kwenye makapi ya randa, unafuta machozi ya kicheko, ukasema mota ya hatua haina macho. Inaambiwa piga hatua elfu moja, inapiga. Ikikwama hamsini katikati, haijui. Inaendelea kuhesabu na kuamini kwamba imefika. Ukaniambia nguvu ya mota haiulizwi ikiwa imesimama, inaulizwa ikiwa inakimbia, na kwamba tatizo lilikuwa umeme mdogo tuliokuwa tunaulisha mwili mkubwa. Tukarudisha zile mota, tukachukua ndogo zenye draiva ya kufaa, na zikakimbia. Ile cheni ya pikipiki niliyokuwa nimeifunga kwenye daraja nayo ukaitoa, kwa sababu ilikuwa inalegea kila wiki, ukaweka mkanda. Nilikuambia siku hiyohiyo, "Nimekosea, mama." Lilitoka kirahisi tu.

Nimejiuliza mchana kutwa kwa nini la pili halikutoka. Nadhani ni kwa sababu la kwanza lilikuwa kosa la ujinga, na la pili lilikuwa kosa la furaha.

Kwa kichwa tulifunga ile skrubu nyembamba, yenye nyuzi za karibukaribu, na nati yake ya shaba. Uliibatiza jina, ukaiita Bibi, kwa sababu ilipanda polepole huku inalalamika. Ilikuwa kama jaki ya gari. Unaipandisha, unaondoka, unakwenda kunywa chai, unarudi unaikuta palepale ulipoiacha, umeme uwepo usiwepo. Bibi hakuwahi kushuka bila kuambiwa. Umeme ulikatika mara ngapi msimu ule wa mvua? Bibi alisimama tu gizani, akisubiri.

Halafu akaja Kabula kuagiza rafu za duka lake la maziwa.

Mwanangu, sasa nakuandikia jambo ambalo baba hamwandikii binti yake, na ukitaka ruka aya hii. Nampenda mwanamke huyu kama kijana wa kidato cha pili. Tangu mama yako atutoke, miaka minane, nilikuwa nakunywa chai bila kujua kama ina sukari. Unakumbuka, ulikuwa unanitania. Kabula alisimama pale mlangoni na ndoo yake, akapima ubao wangu kwa macho, akasema, "Fundi, rafu hii imelala upande wa Zambia." Nikapima. Ilikuwa imelala kweli. Nikaingiwa na kitu kifuani ambacho mpaka leo hakijatoka. Akipita uani mimi naharibu kipimo. Akiimba Kisukuma chake jikoni naacha randa, nasikiliza, na sielewi hata neno moja. Niliona haya mbele yako, na wewe ulinisaidia, ukamwita mama siku ya kwanza tu bila kuambiwa. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Nakushukuru.

Tulifunga ndoa baada ya Pasaka, Jumamosi, na Jumanne nilikuwa hapa karakanani natia grisi mashine. Shangazi yako alinikuta.

"Wewe, umeoa juzi, leo uko kwenye vyuma?"

"Kazi haisubiri, dada."

"Basi isubirishe. Wazee wetu waliokuwa na malungu, yale matanuru, wakianza kuyeyusha chuma hawakulala na wake zao. Walilala hukohuko kwenye tanuru mpaka chuma kitoke. Tanuru lenyewe ndilo lililopambwa kama bibi harusi. Huwezi kuhudumia mabibi harusi wawili."

"Dada, hii ni mota. Inatoka Uchina."

"Chuma ni chuma. Na wewe unacheka peke yako kama punguani. Angalia mkono wako."

Nikaangalia. Nilikuwa napaka grisi mkanda wa mpira, ambao haupakwi grisi. Nikaufuta, tukacheka, akaenda zake. Yale mabaki ya matanuru ya udongo kule vilimani nimepita kando yake tangu utoto nikichunga mbuzi, na siku zote nilidhani ule mwiko ulikuwa uchawi wa watu wa zamani. Sasa nafikiri labda walikuwa wameona tu watu wakiungua.

Nilitaka kumchongea Kabula ubao wa kichwani pa kitanda. Ng'ombe wawili wenye pembe ndefu wakitazamana, na maua katikati. Nikataka iwe siri, nikataka iwe haraka, na Bibi alikuwa anapanda na kushuka kama anakwenda kuchota maji kisimani. Nilipokwenda Tunduma kuchukua bawaba na vitasa, nikaingia kwa muuza vipuri. Akanionyesha skrubu ya gololi. Aliishika wima, akaiweka nati juu kabisa, akaiachia. Nati ikateremka yenyewe mpaka chini, inazunguka taratibu, kama tone la asali. Nikasema moyoni, huu ndio ulaini ninaouhisi mimi siku hizi. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri, Skola. Kila kitu kilikuwa kinafanana na mapenzi yangu. Nilikuwa nimeoneshwa kwa macho kwamba kitu hicho kikisimamishwa kinashuka chenyewe, na mimi nikaona uzuri.

Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unaifunga ya kulala au ya kusimama?" Simu ikalia. Kabula alikuwa anauliza kama nimekula. Nikageukia ukutani, natabasamu. Yule bwana nyuma yangu akasema, "Kama ni ya kusimama utahitaji mota yenye breki, la sivyo umeme ukikatika itadondoka." Nikampungia mkono, sawa, sawa.

Nataka usome hapa polepole. Sikukosa kumsikia. Simu haikunizuia kusikia. Neno breki lilinifikia likiwa zima. Nililisikia nikaliweka kando, kama mtu anavyoweka kando habari mbaya ili amalize kula.

Niliifunga siku uliyokwenda Kasense kuchukua mbao. Nikamfungua Bibi, nikamviringisha kwenye gunia, nikamsukuma chini ya kitanda. Uliporudi ulifurahi, ukakipandisha kichwa na kukishusha kama mtoto aliyepewa baiskeli. Kisha ukasimama, ukauliza swali ambalo fundi wa kweli huuliza. Ukasema, "Baba, umeme ukizima kitasimama?"

Nikasema, "Nimepima."

Sikupima. Kupima ni kupandisha kichwa, kwenda ukutani, kuzima swichi. Hatua sita. Nilikuwa na haraka ya ng'ombe wawili na maua.

Ubao ukatoka mzuri. Kabula aliutazama, akakaa kitandani, akafunika uso kwa khanga. Nilijiona mfalme.

Wiki iliyofuata ulikuwa unachonga mlango wa mninga. Nilikuwa pale kwenye msumeno, nimekupa mgongo. Ulikipandisha kichwa ili upanguse makapi, ruta ikiwa bado inazunguka, ukapitisha mkono wa kushoto chini yake kama ulivyofanya mara mia wakati wa Bibi. Nikasikia redio ya jirani inanyamaza katikati ya neno. Halafu kishindo. Halafu wewe hukulia, ulisema tu, "Ah," kama mtu aliyesahau kitu. Kisu hakijui kwamba umeme umekatika, kinaendelea kuzunguka kwa pumzi zake. Kilikupata kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama ungekuwa umeingiza mkono nusu shubiri zaidi nisingekuwa naandika habari za orodha ya vipuri.

Ulishonwa nyuzi tano. Mimi nilizihesabu, wewe ulikuwa umegeuza uso. Na tulipokaa kwenye benchi la nje tukisubiri dawa, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, nisamehe. Nadhani niligusa kitufe cha kushusha, na hapohapo umeme ukakatika. Nimeharibu mlango wa watu."

Ulikuwa unaniomba msamaha. Mkono wako ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kifundo, na ulikuwa unaniomba mimi msamaha. Ulikwishaondoa kosa kwenye skrubu, kwa sababu mimi nilikuambia nimepima, na baba yako hasemi uongo. Kilichobaki ni kidole chako. Nilikuwa na nafasi pale, mwanangu. Nafasi pana kama uwanja. Nikasema, "Haya mama, yamepita. Siku nyingine uwe makini."

Uwe makini. Usiku mwingine naamka na maneno hayo mdomoni.

Nilipaswa kumrudisha Bibi siku ileile. Sikumrudisha, kwa sababu ungeuliza kwa nini. Badala yake nilichonga kile kigingi cha kukitegemeza kichwa, nikakipaka rangi nyekundu, nikatoa amri kwamba hakuna mkono unaoingia chini ya kichwa bila kigingi kuwekwa. Sikutoa sababu. Ukaniita Baba Kigingi, ukawaambia na wanakwaya. Ulikiweka kwa heshima yangu tu, si kwa kuamini. Mara mbili nilikuona umekisahau, na mara zote mbili nilipiga kelele kana kwamba nyoka ameingia, na wewe ukamwambia Kabula ndoa imemfanya mzee awe na mapepo. Miezi yote hii kichwa kile kimening'inia juu ya mkono wako kwa kushikiliwa na aibu yangu na kipande cha mti.

Na Mpanda hakutakuwa na mzee wa kupiga kelele. Kutakuwa na wewe, na mwenzako ambaye hajawahi kuona kitu kikidondoka, na skrubu kama ya Baba. Mtakiacha kigingi, kwa nini msikiache? Mtu aliyejifunza kwamba kosa lilikuwa kidole chake atachunga kidole. Hatachunga skrubu. Nilikupa somo la uongo, na somo la uongo ndilo unalolibeba kesho kwenye begi.

Leo mchana nilimwambia Kabula. Alikuwa anachuja maziwa. Nilimwambia yote, kuanzia Tunduma. Hakunikatiza. Alipomaliza kuchuja akafunika sufuria, akanawa mikono.

"Kwa hiyo, Baba Skola, mimi nalalia mkono wa mtoto."

"Usiseme hivyo, Kabula."

"Nisemeje? Wale ng'ombe wangu wazuri. Nimewapangusa vumbi kila asubuhi." Akajifuta mikono kwa khanga. "Na wewe ulitaka kumwambia lini?"

"Nilikuwa nafikiri kumwandikia barua. Niiweke kwenye begi, aikute hukohuko."

"Akiikuta baada ya kununua?"

Nikainama kumfukuza kuku mlangoni.

"Barua ya kufichwa ni uongo wa pili," akasema. "Andika, kwa sababu mdomo wako ni wa kuombea chumvi tu. Lakini utampa mkononi, na utasimama hapo anaposoma. Ukikimbilia chooni nitakufuata."

Kisha akaingia chumbani. Nilidhani amekwenda kulia. Akatoka na blanketi lake na mto, akavuka korido, akaviweka chumbani kwako. Nikamuuliza ni nini hiyo.

"Leo nalala na mwanangu. Kesho akiondoka nitabaki hukohuko kwenye kitanda chake. Nitarudi kwako siku mashine ya mtoto itakaposimama bila kudondoka. Si dada yako alikuambia? Mpaka chuma kitoke." Na akacheka, Skola, lakini machoni hakuwa anacheka.

Shangazi yako akisikia hili atasali novena ya shukrani.

Kwa hiyo sikiliza, kwa masikio ya fundi sasa. Orodha yako ni nzuri kuliko yoyote ambayo ningeandika mimi. Mota ulizochagua zinafaa, na umesoma nguvu yake kwenye mwendo, si kwenye mabega. Mikanda acha ilivyo. Skrubu ya gololi kwenye mihimili ya kulala sina ugomvi nayo, kitu kilicholala hakina pa kuangukia. Ni mstari ule mmoja wa mwisho. Ufute. Kama siku moja kazi zitakuwa nyingi na Bibi atakuchelewesha, basi nunua ya gololi pamoja na mota yake yenye breki, ile inayoshika umeme unapokatika, wala usikubali kununua kimoja leo na kingine mwezi ujao. Mwezi ujao ni mrefu sana kwa kichwa kilichoning'inia. Na muuzaji akikuuliza kitu, zima simu, hata kama ni mimi ninayepiga.

Ukishaifunga, zima umeme na utazame. Usiamini mtu akisema amepima. Hasa kama ni mimi.

Usishangae begi lako kuwa zito. Bibi yumo. Nimemtoa chini ya kitanda, nimemsugua kutu na mafuta ya taa, nati yake nimeijaribu, haina mchezo. Kabula amemviringisha kwenye kitenge kile cha bluu ulichokuwa unakitamani, kwa hiyo kitenge nacho ni chako. Skrubu ya gololi nimeing'oa kwenye mashine yangu. Wakati naandika haya kichwa kimelala juu ya meza, kimeegemea upande, kama mtu aliyechoka sana. Kitalala hivyo mpaka nipate Bibi mwingine. Wateja watasubiri. Kigingi sikukiweka kwenye begi. Sitaki utegemee kigingi.

Sijui utanitazamaje kesho ukifika mwisho wa karatasi hii. Hilo naliogopa pia, nisikudanganye, lakini ni woga mdogo, unakaa kwenye kiganja. Ukinyamaza, nitaelewa. Ukipanda basi bila kuniaga, nitasimama stendi mpaka litokomee, na nitaelewa. Kuna kovu kwenye mkono wako wa kushoto ambalo umelificha miezi hii kama ushahidi wa uzembe wako. Naomba usilifiche tena. Wakikuuliza, waambie ni la baba yako.

Nasikia bodaboda inapunguza mwendo. Siyo wewe, imepita.

Na Mpanda tutakuja, mimi na Kabula, kabla mwezi huu haujaisha. Nilimwambia ukishakipandisha kichwa juu kabisa, nitaweka mkono wangu chini yake, wewe uzime umeme. Akasema, "Acha ushujaa wa kijinga. Mikono ya watu wa nyumba hii imetosha. Utaweka yai." Basi tutakuja na mayai, ya hawa kuku wezi wa ulezi. Utaweka moja chini ya kisu, mimi nitakwenda ukutani, hatua sita, na nitazima. Likibaki zima utalikaanga tule watatu, halafu mama yako atarudi kwenye kitanda chake. Kabla mwezi haujaisha, Skola. Mpaka siku hiyo, mkono wako usiingie.